Zaburi Kumi na Sita za Sheikh Abdulaziz

Mwaka 1870 kilitoka mjini London kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Mwandishi wake alikuwa kasisi Mwingereza, Edward Steere, aliyefika kisiwani miaka sita kabla ya hapo. Katika dibaji yake, baina ya shukrani kwa huyu na kwa yule, mna habari fupi ambayo msomaji mwenye haraka huiruka. Steere anaeleza kwamba Sheikh Abdulaziz, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa mji, alijitolea kwa hisani yake kuzifasiri Zaburi kutoka Kiarabu na kuzitia katika Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi ikaanza. Ikafika Zaburi ya kumi na sita, ikasimama. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi. Na tena, anasema Steere, lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa haja ya misheni. Hata hivyo zile zaburi kumi na sita hazikutupwa. Zilipigwa chapa, ziwe ukumbusho wa wema wa Sheikh, na ziwe mfano wa Kiswahili ambacho mwanachuoni wa Unguja alikihesabu kuwa ndicho cha daraja ya juu.

Habari hiyo fupi imebeba jambo kubwa. Hapo yupo mwanachuoni Muislamu anayetoa maneno ya dua za Nabii Daudi, na yupo kasisi Mkristo aliyekaa mbele yake kama mwanafunzi. Nyuma ya wawili hao lipo kundi la tatu ambalo dibaji haikulitaja hapo: watoto waliotolewa majahazini, waliokuwa wakifundishwa kusoma katika nyumba za misheni. Ni kwa ajili ya hao lugha ya Sheikh ilionekana ya juu mno. Anayetaka kujua kwa nini Zaburi zilisimama pale zilipofika, na kwa nini baadaye kazi iliendelea kwa njia nyingine, hana budi kuanza na watoto hao. Kwani wao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa Biblia katika kisiwa hiki, na wao ndio waliokuja kuwa walimu wake wa kwanza.

Misheni iliyomleta Steere ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Vyuo vikuu vya Uingereza viliitikia, na kundi la kwanza likaenda nchi za mto Shire, kusini ya Ziwa Nyasa. Huko homa, njaa na vita vya kukamata watumwa viliwashinda. Askofu wao, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862. Askofu wa pili, William Tozer, aliona kwamba nchi za ndani haziingiliki bila ya kuwa na mahali pa kujifunzia lugha na kulea walimu. Akachagua Unguja. Yeye na Steere walifika mwezi wa Agosti 1864, na haukupita muda mrefu Sultani Majid akawapa wavulana watano waliopatikana katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hivyo ndivyo shule ilivyoanza: kwa watoto watano wasioijua lugha ya walimu wao, na walimu wasioijua lugha ya watoto. Mmoja wa watano hao ni yule aliyekuja kujulikana kwa jina la John Swedi.

Idadi ikaongezeka kadiri manowari za Kiingereza zilivyokamata majahazi. Wavulana wakawekwa Kiungani, kusini ya mji. Wasichana, na watu wazima walioachiwa huru, wakapata makao Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa nchi za Ziwa Nyasa na wengineo. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake, na lugha hiyo ikakosa wa kuzungumza naye. Kiswahili walikisikia kwanza vinywani mwa watu wa misafara, kisha katika soko na majahazini, kisha ndipo darasani. Jambo hili halina budi kukumbukwa kila inapozungumzwa habari ya imani yao. Lugha waliyofundishwa kumwomba Mungu ilikuwa ndiyo lugha waliyouziwa.

Mwaka 1887 A. C. Madan, aliyekuwa mwalimu katika misheni hiyo, alichapisha kwa Kiingereza kitabu cha masimulizi ya vijana wa Kiungani, waliyoyaandika wao wenyewe kwa Kiswahili. Humo wanaeleza vijiji vyao, jinsi walivyokamatwa, njia waliyopitishwa hadi pwani na bahari waliyovushwa. Mtu akikisoma kitabu hicho leo ataona kwamba elimu ya kusoma Biblia iliwapa vijana wale kitu kingine ambacho pengine walimu hawakukikusudia tangu awali. Mtoto aliyefundishwa kuandika ili anakili mafungu ya Injili aliweza pia kuandika habari yake mwenyewe. Aliyehesabiwa bidhaa akawa shahidi.

Sasa turudi kwa Steere na walimu wake. Alikuwa mtu wa sheria kabla ya kuwa kasisi, na akili yake ilipenda maneno yapimwe. Alipofika Unguja alikuta kwamba kazi ya Kiswahili imekwisha guswa na wengine. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na misheni ya Kiingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo, ambao alifiwa na mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi Muislamu wa mji. Kwa hiyo ule mkutano wa Steere na Sheikh Abdulaziz haukuwa wa kwanza wa namna yake. Tangu siku ya kwanza Biblia ya Kiswahili ilipita mikononi mwa wanavyuoni wa Kiislamu wa Pwani.

Na isingewezekana iwe vingine. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi alizaliwa Barawa, akasoma, akawa kadhi katika zama za masultani wa Unguja, na habari zake zimo katika kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika ya Mashariki. Mtu kama huyo alikuwa na mizani mbili mkononi: Kiarabu cha vitabu na Kiswahili cha watu wa mjini. Zaburi si kitabu kigeni kwa Muislamu, kwani jina lake lenyewe limo katika Kurani, na Daudi ni nabii. Sheikh hakuwa anaiacha dini yake kwa kuzifasiri. Aliishi Muislamu na akafa Muislamu mwaka 1896. Alichofanya ni tendo la jirani mwenye elimu kwa mgeni mwenye haja. Wenyeji wa Pwani wana neno lao kwa tendo hilo, nalo ni uungwana.

Mkopo ule haukuishia katika zaburi kumi na sita. Hebu lichunguzwe neno lolote ambalo Mkristo wa Kiswahili hawezi kuomba bila ya kulitamka: sala, dua, imani, dhambi, toba, rehema, neema, baraka, roho, malaika, nabii, mtume, Torati, Injili. Yote yalikuwapo Pwani kabla ya Krapf na kabla ya Steere, yamekwisha kulainishwa na ndimi za Waswahili kwa karne nyingi za ibada, tenzi na mawaidha. Hata majina ya vitu vya kanisa yametoka njia hiyohiyo: kanisa, msalaba, askofu, kasisi. Jina la Mungu mwenyewe ni la Kibantu, nalo halikubadilishwa na dini yoyote kati ya hizi mbili. Mfasiri aliyekuja na Biblia mkononi hakuikuta lugha tupu inayongoja kujazwa. Alikuta nyumba iliyokwisha jengwa, yenye milango na madirisha, na kazi yake ikawa kuomba apewe chumba.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na ghorofa, na hapo ndipo shida ilipotokea. Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha ghorofa ya juu. Kilikuwa lugha ya darasa na ya barza, lugha inayomtaka msikilizaji awe amekwisha onja Kiarabu, ajue lahaja za kale na mafumbo ya washairi. Mjuzi wa tenzi angeisikia na kutikisa kichwa kwa raha. Mtoto wa Kiyao aliyefika Unguja mwaka jana asingeambulia kitu. Steere alikuwa na hiari mbili. Angeweza kuitwaa lugha nzuri kuliko zote, akaiweka kitabuni, na kuwaacha wanafunzi wapande ngazi kuifuata. Au angeweza kuchukua lugha inayosemwa na kila mtu mjini, sokoni na mashambani, lugha ambayo mgeni na mtumwa wanaielewa, akaisafisha bila kuinyanyua isipofikika. Alichagua ya pili, na huku akiichagua alizichapa zaburi za Sheikh, kama mtu anayekiri kwamba anachokiacha si kibaya.

Wapenzi wa mashairi watasikitika, na wana haki. Zaburi ni mashairi. Ndani yake mna malalamiko ya aliyeonewa, sifa za mwenye kushukuru, na hofu ya mtu anayekesha usiku akizungukwa na adui. Kama kuna kitabu cha Biblia kilichostahili kupewa mwanachuoni wa Pwani akitie katika lugha ya juu, ni hiki. Mtu hawezi kusoma Zaburi kwa lugha ya barua na hesabu akazisikia zinavyolia. Lakini upande wa pili una hoja yake, nayo ni nzito. Dua ambayo mwenye kuomba haielewi inabaki mikononi mwa mwalimu. Mtoto wa Kiungani alikwisha nyang'anywa mengi. Haikufaa anyang'anywe tena maana ya maneno anayomwambia Mola wake. Kati ya uzuri wa lugha na haki ya mnyonge kuielewa, Steere alilielekea la pili, na kazi yote ya tafsiri iliyofuata ilijengwa juu ya uamuzi huo.

Mafunzo yenyewe yaliendeshwa kwa hatua. Mtu hakubatizwa siku alipotaka. Kwanza alikuwa msikilizaji, kisha mkatekumeni, akifundishwa kwa maswali na majibu, akizoezwa sala, akiangaliwa mwenendo wake. Ndipo ubatizo ukafuata, na baada yake kipaimara. Waliokuwa na akili ya kusoma waliendelea, na kwa kuwa walimu Wazungu walikuwa wachache na makaburi yao yalikuwa mengi, mwanafunzi aliyejua kurasa kumi alipewa kumfundisha anayejua ukurasa mmoja. Misheni ilikuwa na mashine yake ya chapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi. Kijana aliyepanga herufi za Injili kwa vidole vyake, moja baada ya moja, kinyumenyume kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, alikuwa amekwisha kuisoma kwa namna ambayo msomaji wa kawaida haisomi. Kutoka katika mazingira hayo ya Kiungani ndipo mwaka 1888 lilipotokea gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari za vituo vya misheni na barua za walimu.

Hapa kuna jambo moja la kulipima kwa haki. Kiswahili cha Unguja kilikuwa na maandishi yake kabla ya misheni, kwa herufi za Kiarabu, na waliokuwa wakisoma na kuandika mjini waliandika kwa herufi hizo. Shule za misheni zilifundisha herufi za Kirumi. Kwa hiyo watu wawili wa kisiwa kimoja, wenye lugha moja, waliweza kukaa barazani wakaelewana kila neno, kisha kila mmoja akafungua kitabu chake na mwenziwe asiweze kukisoma. Ukuta huo wa herufi haukujengwa kwa chuki, lakini ulikuwa ukuta. Ulifanya elimu ya Wakristo wapya ikue upande mmoja na elimu ya kale ya Pwani ibaki upande wa pili, ingawa maneno yao yalikuwa ndugu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Misheni ikapata ardhi ya soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere, ambaye mwaka uliofuata aliwekwa kuwa askofu, alisimamia ujenzi mwenyewe. Lakini hakuwa mtu wa kudhani kwamba kanisa ni mawe. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu walioachiwa huru, akavuka nao bahari hadi Lindi na kupanda nao bara. Nia ilikuwa wafike karibu na Ziwa Nyasa, katika nchi walizotolewa. Walipofika Masasi, wengi wakaona kwamba hapo panafaa kukaa, na hapo pakaanzishwa kituo. Njia ambayo watumwa waliishuka kwa minyororo, hao waliipanda na vitabu.

Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, aliwekwa kuwa shemasi. Ilikuwa miaka kumi na mitano tangu alipotolewa jahazini. Baada yake akaja Cecil Majaliwa, Myao, naye mtoto aliyeachiwa huru na kulelewa Kiungani. Alipewa ushemasi mwaka 1886 na kupelekwa Chitangali, nchi ya Wayao, ndani ya Masasi. Mwaka 1890, katika kanisa la Mkunazini, Askofu Charles Smythies alimweka kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo. Mahali hapo wanadamu walikuwa wakikaguliwa meno na kupangiwa bei. Sasa mmoja wa waliopitia njia ya utumwa alisimama hapo na kupewa amana ya kuwafundisha wenziwe.

Kuna watu husema kwamba imani ya watoto wale ilikuwa ya kulazimika: hawakuwa na kwao pa kurudi, wala mlezi mwingine, basi wangekataaje dini ya aliyewalisha? Swali hilo ni la haki na halifai kukwepwa. Mtoto wa miaka minane aliyetolewa jahazini hakuulizwa anataka dini gani, kama vile hakuulizwa anataka jina gani. Lakini imani haipimwi siku ya kuingia peke yake. Hupimwa pale mtu anapokuwa na hiari ya kuiacha. Majaliwa huko Chitangali hakuwa chini ya kengele ya Kiungani. Alikuwa miongoni mwa watu wa kabila lake, katika lugha ya mama yake, chini ya mkuu wa Kiyao, Nakaam, mbali na Wazungu. Angetaka kuwa Myao tu kama wengine, nani angemzuia? Hapo ndipo alipofundisha, akajenga, akawaandaa watu kwa ubatizo, na kanisa likakua mkononi mwake.

Na kazi hiyo ilimfundisha yeye kwanza. Kitabu alichokuwa nacho kilikuwa cha Kiswahili. Waliokaa mbele yake walikuwa wasema Kiyao. Kila alipofungua mdomo ilimbidi aivushe maana, kutoka lugha aliyoipata utumwani hadi lugha aliyozaliwa nayo. Hapo mwalimu hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyokariri. Neno kama neema, alilolitamka darasani tangu utoto, sasa aliulizwa: ni nini hiyo? Wazee wa Kiyao hawakuwa na haja ya kumfurahisha askofu. Mtu anaweza kuisali Zaburi miaka ishirini asijue anachokijua, mpaka mzee wa kijiji amuulize maana yake. Kwa hiyo kazi aliyoifanya Majaliwa kule ni ileile aliyoifanya Sheikh Abdulaziz na Steere mjini: kuuliza, kupima, kukataa neno hili na kulikubali lile. Tofauti ni kwamba yeye aliifanya kwa kinywa, na aliyoyafasiri hayakupigwa chapa.

Wakubwa wa misheni waliiona kazi hiyo na kuisifu, lakini sifa hazikugeuka kuwa madaraka. Baada ya kasisi wa kwanza wakaja wengine, polepole; uaskofu ukabaki kwa Waingereza kwa miongo mingi. Mwaka 1970, Kanisa Anglikana la Tanzania lilipopata jimbo lake lenyewe, ndipo John Sepeku alipokuwa askofu mkuu wa kwanza. Kutoka 1890 hadi 1970 ni miaka themanini. Waliofundisha kwamba wote ni ndugu mbele ya Mungu walichukua umri wa mtu mzima mzima kuliamini fundisho lao wenyewe. Wanafunzi walikua upesi kuliko walimu.

Steere alifariki mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Agano Jipya alikuwa amekwisha kulifasiri, na sehemu ya Agano la Kale; wenzake wakaendeleza, na mwaka 1891 ikatoka Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja. Mombasa nako hawakulala. Wamisheni wa huko walishikilia kwamba lahaja yao ndiyo yenye adabu ya ushairi, na mwaka 1914 wakatoa Biblia kwa Kimvita. Miongoni mwao alikuwapo William Taylor, ambaye kwa kutaka kuijua lugha hadi mizizi yake alikaa na Mwalimu Sikujua, Muislamu wa Mombasa, wakakusanya na kuandika mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyokuwa yamebaki vifuani mwa wazee. Diwani ya Muyaka iliyochapishwa mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens ilitokana na akiba hiyo. Kwa njia hiyo deni la Biblia kwa Pwani lililipwa kwa sehemu: msahafu wa Wakristo ulikopa maneno ya Waislamu, na mshairi Muislamu akaokolewa asisahaulike kwa sababu Mkristo mmoja alitaka kufasiri vizuri.

Kisha likazuka swali la Sheikh kwa sura mpya. Mfasiri Mjerumani, Karl Roehl, aliona kwamba Biblia ya Kiswahili imejaa maneno yenye asili ya Kiarabu, na kwamba watu wa bara watayaelewa vizuri zaidi maneno ya Kibantu. Alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kuyapunguza maneno hayo. G. W. Broomfield, wa misheni ileile ya Steere hapa Unguja, alimpinga kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa kwamba neno likishazoewa na wasemaji limekuwa lao, wala haliulizwi tena cheti cha kuzaliwa. Wakati ukaamua. Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwapatanisha wasomaji wa Unguja, Mombasa na bara, iliyabakiza maneno ya Pwani mahali pake. Mkristo wa Dodoma na wa Bukoba akaendelea kusema neema, rehema na imani, na wengi hawajui waliyarithi kwa nani.

Na zile Zaburi? Katika miaka ya 1960 mshairi wa Kigogo, Mathias Mnyampala, Mkristo Mkatoliki aliyezaliwa Ugogo mbali na bahari, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Hapo mduara ulijifunga kwa namna ambayo pengine Steere asingeitazamia. Utenzi ni bahari iliyokuzwa na Waislamu wa Pate, Lamu na Mombasa kwa kusimulia vita vya Mtume na mawaidha ya wazazi. Mnyampala aliishika bahari hiyo akaitia maneno ya Daudi, si kwa lugha ya barza ya wanavyuoni wala si kwa lugha ya barua, bali kwa mizani na vina ambavyo mtu asiyejua kusoma angeweza kuvisikia na kuvihifadhi. Uzuri na ufahamivu, vilivyoachana pale zaburi za Sheikh ziliposimama, vilikutana tena katika utenzi. Mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa mapokeo ya Pwani, ambayo Sheikh Abdulaziz alikuwa mmoja wa warithi wake.

Leo mtu akiingia kanisa la Mkunazini huonyeshwa mahali pa madhabahu, panaposemwa kwamba ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa, na huonyeshwa kaburi la askofu. Majina ya Swedi na Majaliwa hutajwa kwa nadra, na la Sheikh kwa nadra zaidi. Lakini kila Jumapili, Zaburi zinaposomwa humo, maneno yao yote watatu yamo. Katika Zaburi ya kwanza, mwenye kuitafakari sheria ya Mungu amefananishwa na mti uliomea kando ya maji, unaozaa kwa wakati wake. Katika ile inayobeba nambari kumi na sita katika Biblia za leo, mwombaji anamshukuru Mungu kwa urithi mwema aliofikiwa nao, na anamaliza kwa kutaja njia ya uzima. Sheikh alikwenda nao mwendo huo, kwa hiari yake na kwa lugha nzuri aliyokuwa nayo, kisha akawaachia wengine.